Mianya Minane

Aika mwanangu,

Bibi yako atakuwa amekwisha kulifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, na amekuambia mahali pa kuficha sabuni na namna ya kukaa na watu. Hayo yote nayaruka. Yeye anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa.

Barua hii inaletwa na Hamisi wa genge letu la reli. Anapanda Moshi na kiberenge leo alasiri kuchukua boliti, na kwa kuwa unalala kwa mke wake ili uiwahi treni ya kesho, utaipata kabla ya kula. Isome peke yako. Ndani utakuta bahasha ndogo iliyogundishwa kwa uji wa muhogo. Hiyo ni ya mjomba wako Aloyce. Kabla hujaamua utaifanya nini, soma hii mpaka mwisho.

Uliponionyesha barua ya chuo, kwamba umechukuliwa kusomea umeme Tanga na utakaa kwa mjomba, nilisema "vizuri," nikatoka nje kupasua kuni. Kuni zilikuwepo tele. Baadaye ukaniuliza, "Baba, hukufurahi?" Nikakuambia nimechoka. Uliondoka na uso ule wa marehemu mama yako alipokuwa akikataliwa kitu bila kuambiwa sababu. Sababu ni hii ninayoandika.

Unajua kwamba nilitoka Iramba, kule Singida, na darasa la nne langu, nikaifuata kazi ya reli hadi huku. Usichojua ni kwamba miaka michache baada ya Uhuru nilitolewa kwenye genge kwa muda, kwa sababu taruma, lile gogo la kulalia reli, liliniangukia mguuni. Nilikuwa nachechemea, sifai kubeba. Wakati huo pale Moshi palikuwa na Kalasinga mmoja mzee, Bwana Harnam, aliyestaafu karakana ya reli na kufungua gereji. Alikuja stesheni kuomba mtu anayejua kulaza njia. Nikapewa mimi. Nilidhani tunakwenda kulaza reli ya kuingiza mizigo kwenye ua wake. Akanipeleka chumba cha nyuma, akafungua mlango, akasema, "Reli yenyewe hii."

Ilikuwa treni ya kuchezea, mwanangu. Lakini usicheke, maana mimi nilicheka na mzee hakupendezwa. Meza ilijaza chumba chote. Mlima ulikuwa umetengenezwa kwa magunia na chokaa. Kulikuwa na njia ya kwenda Tanga na njia ya kwenda Voi, vyuma vyembamba kama njiti za baiskeli, na kichwa cha treni kinachotosha mkononi, kinachokwenda kwa umeme kweli. Umeme ulitoka ukutani, ukapita kwenye transfoma aliyoisuka mwenyewe kwa vipuri vya karakana, ukapunguzwa nguvu, ukaingia kwenye reli. Na katikati ya meza, badala ya kuziunganisha njia mbili kama zilivyo hapa Kahe, alizikatisha moja juu ya nyingine kama msalaba. Alitaka kuona treni mbili zikikatishana mbele ya macho yake. Alisema katika miaka yake yote ya reli hakupewa raha hiyo hata siku moja.

Msalaba ule ndio uliotushinda. Kila mzee alipowasha, transfoma ilinguruma na treni haikusogea.

Mjomba wako alikuwa fundi kijana wa gereji ile. Mikono yake wakati ule hujaiona. Alikuwa akishika waya kama bibi yako anavyoshika kifaranga. Siku aliyoitwa kuja kutazama meza, alichukua betri ya tochi na glopu moja, akagusisha waya kwenye chuma cha kulia na chuma cha kushoto. Juu ya reli hapakuwa na kitu chochote, na bado glopu ikawaka.

"Shoti," akasema.

"Shoti iko wapi?" nikamuuliza. "Reli nimezilaza mwenyewe, hazina kasoro."

"Ndiyo kasoro yake. Sikiliza, Elia. Chuma hiki kinapeleka moto, hiki kinarudisha. Kichwa cha treni kinakaa katikati kama mtu wa kati, kinakula chake. Sasa hapa kwenye makutano, chuma kinachopeleka cha Tanga kinagusana na kinachorudisha cha Voi. Moto unakwenda na kurudi bila kufanya kazi."

"Kama watumishi wa ofisini."

"Kama watu wa Singida," akasema. "Mnakwenda, mnarudi, mnagonga nyundo, basi."

"Na ninyi wa mlimani mngekwisha kuuza tiketi za kuutazama huo moto."

Tulikuwa tunataniana hivyo kutwa. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ningekuwa nilimchukia.

Dawa aliyoitoa ilikuwa hii. Alichukua msumeno wa chuma mwembamba, akakata kila chuma kinachoingia kwenye makutano na kila kinachotoka. Mianya minane, kila mmoja upana wa ukucha. Ili vyuma visije vikagusana tena, alivunja kitana chake chekundu cha plastiki, akachonga vipande vinane, akakiingiza kila kimoja mahali pake. Tukajaribu. Shoti imekwisha, lakini kichwa cha treni kikafika katikati na kusimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka daraja, kwa sababu sasa pale katikati hapakuwa na moto kabisa. Mzee Harnam akajishika ndevu. Aloyce akaingia chini ya meza, akakaa huko siku mbili. Akavuta waya zake mpaka kwenye swichi moja. Ukiielekeza Tanga, makutano yanakuwa ya njia ya Tanga na njia ya Voi inalala. Ukiielekeza Voi, ya Tanga inalala. Treni ikapita. Mzee akapiga makofi peke yake, akasema mbele yangu, "Huyu mikono yake ni ya daktari. Nitamwombea karakana wamfundishe." Halafu akanigeukia, "Na wewe Elia, wewe ni nyundo nzuri sana."

Nilicheka. Lakini lile neno lililala nami.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, nalo nataka ulielewe vizuri, kwa kuwa si kosa la mjinga. Mnyapara wetu wa kwanza kwenye genge alikuwa akipita na nyundo ndogo, akigonga kila kiungo cha reli na kusikiliza. Reli ya kweli nayo ina mwanya, ili chuma kipate kupumua jua likikolea, lakini mwanya ule umefungwa bamba la chuma huku na huku, na boliti nne. Mwanya usio na bamba ni treni kuanguka. Ni watu kufa. Nimeona mtu mzima akilia kwa kupigwa mbele ya wenzake kwa ajili ya kiungo kimoja kilicholegea. Basi mimi, kila nilipoitazama ile mianya minane bila bamba, mwili uliniwasha. Na kila treni ilipopita pale ilikuwa ikiruka kidogo, tak-tak, na mzee alikuwa akikunja uso kidogo. Niliuona ule uso. Nikafikiri, hapa nyundo itamwonyesha daktari kazi.

Mzee alikuwa amewaalika ndugu zake waje Jumapili kuitazama treni. Jumamosi Aloyce alipanda kwao Kilema kusalimia. Nilibaki na ufunguo wa kile chumba ili nipige reli brashi. Nikavitoa vile vipande vya kitana kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Nikawasha jiko la mkaa, nikapasha chuma cha kulehemu, nikajaza risasi iliyoyeyuka katika mianya yote minane. Nikapiga tupa mpaka kidole kilipita bila kukwama. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kuifanya. Vile vipande nilivitia mfukoni.

Alikuwa amenieleza, Aika. Kwa maneno niliyokuandikia hapo juu, na glopu ikiwaka mbele ya macho yangu. Nilimsikia kama mtu anavyosikia mahubiri ya dhehebu lisilo lake.

Jumapili wageni walijaa chumba kile, wanawake kwa watoto, sinia la peremende likizunguka. Aloyce alifika kwa miguu kutoka njia panda, vumbi hadi magotini, akanawa haraka. Mzee akawasha. Transfoma ikanguruma, na treni haikwenda. Mzee hakuzima. Aliona haya mbele ya kaka yake, akaongeza nguvu. Ikatoka harufu ya kuungua, kisha moshi. Watoto wakaanza kulia. Aloyce akapiga mbizi chini ya meza kuuchomoa waya. Sijui ndani ya ile transfoma kiliyeyuka nini. Baadaye watu wa karakana walisema moto wote wa ukutani ulipita moja kwa moja. Nilichoona mimi ni miguu ya mjomba wako ikipiga sakafu, na meza ikatikisika, na mlima ukapasuka. Mzee ndiye aliyekimbia ukutani kuzima.

Kiganja cha kulia cha mjomba wako kilikuwa kimeungua hadi ndani. Vidole viwili unavyoviona havikunjiki, ni siku ile. Wewe uliambiwa ni ajali ya gereji.

Tulimkalisha kwenye debe uani, mkono umefungwa kitambaa. Mzee Harnam alikuwa ameshikwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta pa kuitua. "Waya zako!" akampigia kelele. "Ungemuua mtoto wa ndugu yangu! Usirudi hapa tena!" Aloyce alikuwa anahesabu kwa midomo, anazipita waya zake zote kichwani, moja baada ya nyingine. Mzee alipoingia ndani, akainua macho.

"Elia. Uligusa makutano?"

"Sikugusa."

"Kweli?"

"Nilipiga brashi tu. Sikugusa."

Aliniamini. Ndiyo sababu nasema ingekuwa rahisi kama tungekuwa maadui. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi ni mimi."

Vile vipande vilikuwa mfukoni mwangu wakati huo. Nilikuwa navisikia pajani.

Kesho yake niliambiwa niivunje meza. Nikaivunja, na risasi yangu ikaenda pamoja na takataka. Mzee mwenyewe, miaka iliyofuata, nyumba zilipotaifishwa alifunga mizigo akaondoka, na sikumwambia hata yeye. Siku nne baada ya ajali nilimsindikiza Aloyce Kilema, sanduku lake la bati kichwani kwangu, mimi na mguu wangu mbovu, kupanda njia yote ile. Ilikuwa dhamira iliyokuwa inanisukuma, lakini nyumbani kwao hawakuiona hivyo. Bibi yako alinishika mikono yote miwili, akasema, "Umemleta mwanangu." Nikaletewa mtori wa ndizi. Aliyeuleta ni mama yako.

Sasa umeona. Kama ningesema kweli pale uani, nisingepanda Kilema, nisingemwona mama yako, na wewe usingekuwepo. Nimelizungusha hilo kichwani miaka na miaka, nikijaribu kulifanya liwe udhuru. Halikubali. Wewe ni kitu chema nilichokipata kwa njia ya wizi, na wala usilie kwa hilo, kwa kuwa mwizi ni mimi.

Mama yako sikumwambia. Nilisema nitamwambia tukishaoana. Kisha nikasema ukishazaliwa. Kisha alipougua nikasema akipata nafuu. Alipokuwa kitandani siku za mwisho aliniomba, "Mwangalie kaka yangu, mkono wake." Nikamwambia ndiyo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana, na hata humo nilikuwa namdanganya. Ukweli una siku zake, mwanangu, kama mbegu. Mimi nilizipitisha siku zote.

Utaniuliza kwa nini sijaenda Tanga mwenyewe. Nilikwenda, mara moja, ulipokuwa darasa la pili. Nilikusudia kusema. Nilimkuta mjomba wako anapakia magunia ya katani kwa bega, yeye aliyekuwa na mikono ya daktari. Nyumba yake ina koroboi mpaka leo, na nguzo ya umeme imesimama hatua tano kutoka mlangoni. Majirani wote wamevuta. Nikamuuliza, "Shemeji, mbona huvuti?" Akacheka. "Mimi na waya? Mimi sijiamini." Nikala wali wake na samaki wake, nikalala kwenye kitanda chake, yeye akalala chini. Asubuhi nikapanda treni.

Ningeendelea hivyo mpaka kaburini. Nakueleza bila kujipamba. Lakini nilipomwandikia kwamba umechukuliwa kusomea umeme na kumwomba akupe mahali pa kulala, alijibu, na jibu lake limenivunja. Alisema: "Mlete mtoto wetu. Sina cha kumfundisha ila kitu kimoja, kwamba mkono unaweza kukosea na mwenyewe asijue. Mimi hadi leo sijui nilikosea wapi. Nitamwambia ajihadhari na mikono yetu."

Mikono yetu. Anadhani ni ugonjwa wa ukoo. Anataka kukupa kosa ambalo halipo, kwa mapenzi yake yote, na wewe ungelipokea kwa heshima, na kila ukishika waya mkono wako ungetetemeka kwa ajili ya kazi yangu ya Jumamosi. Ungejifunza hofu kutoka kwa fundi bora niliyewahi kumwona. Hilo ndilo nisiloweza kulinyamazia.

Katika bahasha yake nimeandika maneno machache tu, kwamba niligusa. Na nimetia vile vipande vya kitana. Vilikuwa vinane, sasa viko saba, kimoja kilipotea tulipohama nyumba. Nadhani akivimimina kiganjani ataelewa kabla hajasoma.

Nilifikiri kukuomba ukate jani la isale, ule mti unaopandwa mipakani mwa mashamba, ulifunge fundo, umpelekee pamoja na bahasha. Nilipofika huku kwenu niliudharau mno mti ule. Nilisema watu wa mlimani wanasameheana kwa majani. Mama yako alinifundisha kwamba mtu akiletewa isale hawezi kukataa, hata awe ameuliwa ndugu. Ndiyo maana sikuliweka. Nimemnyima mjomba wako mengi, nisimnyime na nafasi ya kukataa. Usilikate wewe kwa huruma. Akitaka kunichukia, mwache anichukie akiwa huru.

Huenda akakukasirikia na wewe. Huenda akasema urudi. Simdhanii hivyo, lakini nimekwisha kosea kumhusu. Ndiyo maana nakuomba, kama utakubali kuibeba bahasha, umpe kabla hujala chochote nyumbani kwake. Mimi nilikula kwanza. Nilikula Kilema na nikala Tanga, na kila tonge lilinifunga mdomo zaidi.

Na kama hukubali, una haki. Mzigo huu si wako. Kesho treni yako ikitoka Moshi itatukuta kabla ya Kahe, mahali tunapobadilisha mataruma. Itapunguza mwendo, tutakuwa tumesimama kando upande wa kulia, na mimi ndiye mwenye bendera. Ukiona ni vema, pita nayo, wala usinipungie mkono, nitajua. Ukiona haikustahili kubebwa na mtoto, nirushie dirishani. Nitaiokota mbele ya genge zima, nami nitaipeleka Tanga kwa mikono yangu hata wakinifukuza kazi. Wataniuliza, "Mzee Elia, umeokota nini hicho?" Na safari hii sitasema sikugusa.

Baba yako,
Elia